Swali lililo nje ya mada si swali baya

Vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Mwanza, Nyegezi hadi Kirumba, wana lugha moja kwa kila pigo linalowapata Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu: "swali langu limeblokiwa". Limefungwa lisipokee majibu, limefutwa, limekataliwa kabla halijatumwa, yote ni kublokiwa. Ukimuuliza mmoja wao kwa nini, atakwambia "eti liko nje ya mada", kwa sauti ya mtu aliyeitwa mjinga.

Nje ya mada maana yake ni kwamba mahali pa swali hilo si pale. Basi. Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, ni ya uandishi wa programu. Maswali ya kompyuta kwa jumla yana tovuti ya Super User, ya kuendesha seva yana Server Fault, zote za mwaka 2009 na za ukoo uleule.

Sasa tuone utata ulipo. Kijana anatengeneza programu ya kurekodi uzito wa dagaa pale soko la Mwaloni. Anauliza: "Printa yangu ya risiti haionekani kwenye laptop, nifanyeje?" Swali safi, lina jibu, lakini liko nje ya mada. Wiki inayofuata anauliza: "Kwa nini risiti haifiki kwenye printa kila jina la mvuvi linapokuwa na ng'?" (Na kwa majina ya Kisukuma, atakutana nalo asubuhi ya kwanza.) Ile alama ya juu kwenye ng' inaikata amri ya SQL (lugha ya kuhifadhi na kutafuta data) katikati, kwa sababu SQL huitumia kufungulia na kufungia maandishi. Hili liko ndani ya mada kabisa. Hata hivyo akilituma litafungwa vilevile, kwa kuwa limeshaulizwa na kujibiwa miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo la kwanza limekosa mahali, la pili limerudiwa, na hakuna hata moja lililo baya. Yeye atasema yote mawili yameblokiwa.

Utaona pia kwa nini kazi ya kuamua maswali ya kufunga haiachiwi mashine peke yake. Maswali yote mawili yana "risiti" na "printa". Ukiweka kichujio kinachokataa neno printa, umemfukuza mwenye SQL pamoja na mwenye waya uliochomoka. Mwaka 2012 yalifanyika mashindano kwenye Kaggle, tovuti ya mashindano ya data, ya kutabiri maswali yatakayofungwa, na washiriki walitakiwa pia kutenganisha sababu, nje ya mada ikiwa mojawapo tu. Kutenganisha huko ndiko kugumu.

Kinachozuiwa na mashine yenyewe ni umbo. Ukiandika "problem" kwenye kichwa cha swali, kinakataliwa. Ukibandika kiungo cha jsFiddle, tovuti ya kujaribia msimbo (code), bila kuweka msimbo wenyewe, unarudishwa. Na akaunti ambayo maswali yake yamepokelewa vibaya mara nyingi hunyimwa ruhusa ya kuuliza, hata kama kila swali lilihusu programu. Hapo ndipo neno kublokiwa linapofaa, na mada haijaguswa. Kufunga swali ni kazi ya watu: kwa kawaida kura tatu (zilikuwa tano hadi mwaka 2019) za watumiaji wenye alama za sifa 3,000 na kuendelea, au msimamizi mmoja. Lililofungwa linaweza kurekebishwa na kufunguliwa tena.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kulalamika soma kile kibandiko kilichowekwa juu ya swali lako. Kikisema limerudiwa, fuata kiungo, jibu liko huko. Kikisema ufafanue, ongeza msimbo na ujumbe wa kosa. Kikisema nje ya mada, usihangaike kulipamba wala kubadilisha maneno: lichukue kama lilivyo, ulipeleke panapolihusu, kama Super User au Server Fault.