Lango la Sumu: Jinsi Protini Zinavyovuka Utando wa Nje wa Bakteria

Sumu ya kipindupindu hutengenezwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae, lakini madhara yake hutokea nje ya bakteria huyo, katika seli za utumbo wa binadamu. Vipande vyake sita huvuka kwanza utando wa ndani kimoja kimoja, kisha hukunjwa na kuunganishwa katika nafasi nyembamba iliyo kati ya tando mbili za bakteria. Kinachobaki ni utando wa nje, na hapo sumu hupita ikiwa imekamilika, yenye upana wa takriban nanomita 6.

Kwangu mimi, hapa ndipo penye fumbo lenyewe. Utando wa nje ni ngao: bakteria akiwa na tundu la ukubwa huo lililo wazi muda wote, dawa kama vankomaisini, ambayo kwa kawaida huzuiwa na utando huo, ingepenya. Hakika, bakteria ambao lango lao limeharibiwa kwa mabadiliko ya jeni na kuanza kuvuja hudhurika kwa dawa hiyo.

Jibu lilionekana wazi mwaka 2017, pale hadubini ya elektroni inayotumia sampuli zilizogandishwa ilipoonyesha umbo la lango hilo, liitwalo sekretini. Limejengwa kwa nakala 15 za protini moja zilizopangwa duara. Kila nakala hutoa nyuzi bapa 4, na nyuzi hizo 60 zikishikamana ubavu kwa ubavu hufanya ukuta wa pipa pana. Ndani ya pipa hilo mna pipa la pili, na kutoka humo hujitokeza vizuizi vinavyokutana katikati na kuziba njia hadi sumu inapofika. Ukilinganisha, mfereji wa TolC, lango jingine la utando wa nje wa bakteria, ambao umbo lake lilijulikana mwaka 2000, una nakala 3 tu na pipa la nyuzi 12, kwa hiyo protini hupita humo zikiwa zimekunjuliwa.

Nafasi iliyo kati ya tando hizo haina ATP, yaani nishati ya seli, hivyo sekretini haiwezi kujisukumia mzigo. Nguvu hutoka ndani kabisa ya seli, ambako kimeng'enya kimoja huvunja ATP na kuwezesha kijiti cha protini kujengwa kutoka utando wa ndani. Inaaminika kwamba kijiti hicho, kikirefuka, ndicho kinachoisukuma sumu mpaka vizuizi viachie.