Kaktasi na sakulenti wakati wa baridi: ipi ilale, ipi iwekwe chini ya taa

Kila Septemba inapokaribia kwisha, watu wanaotunza mimea hapa Minneapolis huanza kuniuliza wanunue taa gani kwa ajili ya kaktasi zao na sakulenti nyingine, yaani mimea inayohifadhi maji mwilini, nami huwarudishia swali kabla ya kujibu: mmea huo unapaswa kuendelea kukua wakati wa baridi, au unapaswa kulala? Taa za kuoteshea mimea ni vifaa vizuri sana na ninazitegemea katika kazi yangu, lakini hazifai kila mmea. Mwanga, joto na maji ni lazima vipande pamoja na vishuke pamoja. Sehemu kubwa ya mimea inayoharibika majumbani kati ya Novemba na Machi huharibika kwa sababu kimojawapo kimeachwa juu huku vingine vikiwa vimeshuka.

Mji huu uko katika latitudo ya nyuzi 45 kaskazini. Ifikapo tarehe 21 Desemba, mchana hudumu kwa takriban saa 8 na robo tatu, na jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 22 hivi juu ya upeo wa macho. Ndani ya nyumba, hata hivyo, hita hudumisha joto la nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi usiku na mchana. Mmea uliowekwa karibu na dirisha hupata joto la kuuamsha bila kupata mwanga wa kuulisha, na mwenye nyumba anapoendelea kuumwagilia kama alivyozoea, mmea huanza kukua vibaya. Kaktasi ya mviringo huchongoka kileleni, rangi ya sehemu mpya hupauka na kuelekea kijani cha ndimu, vifundo vinavyotoa miiba huachana, na miiba yenyewe hutoka mifupi na laini kiasi kwamba ukiigusa hukunjika. Mwanga ukirudi, sehemu hiyo nyembamba hainenepi tena ikalingana na ile ya chini yake. Kwa kaktasi ya nguzo, kiuno hicho hubaki mahali ambapo shina linaweza kuvunjika miaka mingi baadaye.

Kaktasi nyingi za milimani hazihitaji taa hata kidogo. Rebutia na Echinopsis kutoka Bolivia na Ajentina, pamoja na Mammillaria nyingi za nyanda za juu za Meksiko, zimezoea kipindi kirefu cha ukavu na baridi. Hizi huwekwa katika chumba chenye nyuzi 5 hadi 10, zisipewe maji kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi mwishoni mwa Februari, na ziachwe zinywee. Mwili hupungua na ngozi huingia mikunjo, jambo linalowatia watu hofu bila sababu, kwa maana mmea wenye maji machache mwilini ndio unaostahimili baridi. Pumziko hilo ndilo huandaa maua. Rebutia iliyokaa sebuleni kwenye joto msimu mzima kwa kawaida hutoa maua machache au hukosa kabisa. Miche ambayo haijatimiza mwaka mmoja nisingeilaza, kwa kuwa haina akiba ya maji ya kuivusha miezi minne, na hiyo ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza chini ya taa.

Inafaa kukumbuka kwamba jimbo hili la Minnesota lina kaktasi zake za asili. Opuntia fragilis, mpungate mdogo wenye vipande vinavyokatika kwa urahisi, huota kwenye miamba ya upande wa magharibi, na Escobaria vivipara hupatikana katika miamba ya graniti ya kaunti ya Big Stone, ambako inalindwa kwa kuwa iko hatarini kutoweka. Mimea hiyo hunywea wakati wa vuli, hulala karibu na ardhi na kufunikwa na theluji. Mtu aliyenunua mpungate wa aina hii kutoka kwa muuzaji halali asiuingize ndani kamwe.

Upande wa pili kuna mimea isiyojua baridi. Waridi la jangwani, yaani Adenium, Melocactus za Karibi na Brazili, na jamii nyingi za Euphorbia za Afrika Mashariki, ukiwemo mnyaa ambao huko hupandwa kuwa ua wa boma, hudhurika zikikaa kwa muda mrefu chini ya nyuzi 12 hivi, hasa udongo ukiwa na unyevu. Wako pia wakazi wa nchi zenye mvua za majira ya baridi, kama Aeonium za Visiwa vya Canary na Haworthia nyingi za Rasi ya Afrika Kusini, ambazo hukua vizuri siku zinapokuwa na ubaridi kiasi. Kwa makundi haya mawili, taa hustahili gharama yake.

Unaponunua taa, usiangalie wati peke yake. Wati hueleza umeme unaotumika, na lumeni hupima mwanga kama jicho la mwanadamu linavyouona. Mmea huhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, na kipimo chake ni mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, ambacho mtengenezaji makini hukiandika pamoja na umbali uliopimiwa. Zidisha namba hiyo kwa sekunde ambazo taa itawaka, nawe utapata jumla ya siku. Mikromoli 250 kwa saa 12 hutoa karibu moli 11. Mikromoli 400 kwa saa 14 hutoa karibu moli 20. Haworthia na Gasteria hutosheka na kiwango cha kwanza au hata chini yake, ilhali kaktasi za jangwani na Adenium zinazoendelea kukua ningezipa cha pili. Zile taa ndogo za kubana mezani, zenye shingo zinazopindika, huonekana kali machoni lakini mara nyingi hazifikii hata nusu ya kiwango cha chini katika umbali ambao watu huziweka. Mimi hupendelea taa ndefu za LED zenye mwanga mweupe wa Kelvini 4000 hadi 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga), zilizofungwa chini ya rafu ya chuma, sentimita 20 hadi 30 juu ya vilele vya mimea. Mwanga wa zambarau huotesha vizuri, ila chini yake huwezi kutambua mapema kwamba mmea umepauka au umeingiliwa na vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba wanaojificha kwenye vikwapa vya majani na hata mizizini.

Taa isiwake usiku kucha. Kaktasi na sakulenti nyingi hufunga vinyweleo vyake mchana ili zisipoteze maji, huvifungua gizani kuingiza hewa ya ukaa, na kuihifadhi kama asidi hadi mwanga utakaporudi ndipo usanisinuru ukamilike. Saa 10 hadi 12 za giza ni sehemu ya lishe ya mmea, na usiku wenye nyuzi chache chini ya mchana huisaidia kazi hiyo. Ndiyo maana chumba cha chini ya ardhi, chenye nyuzi 15 usiku na taa zinazoongozwa na taima, mara nyingi hushinda sebule yenye dirisha kubwa.

Lithops, zile mimea-mawe za Namibia na Afrika Kusini, zina utaratibu wa peke yake. Wakati wa baridi huhitaji mwanga mkali bila maji. Ukitazama kwenye ufa uliopo katikati ya majani mawili, utaona jozi mpya ikijitokeza, mara nyingi imegeukia upande uliokingama na ule wa zamani. Jozi hiyo hunywa maji ya majani ya zamani hadi yabaki ngozi kavu kama karatasi. Ukimwagilia kabla ya hapo, majani ya zamani hayakauki, na mmea hubeba jozi mbili zinazobanana.

Mimea mingine iliyo chini ya taa huimwagilia pale ninaponyanyua chungu na kukikuta chepesi, kisha maji yapite hadi yatoke chini, na sahani imwagwe. Hewa ya hita ni kavu mno na huvutia utitiri mwekundu, kwa hiyo hukagua vilele kwa kioo cha kukuzia.

Kutoka nje hufanyika baada ya jalidi ya mwisho, ambayo hapa Minneapolis kwa kawaida huwa imepita ifikapo katikati ya Mei. Taa nyingi za LED hazina miale ya urujuanimno ya kutosha kuikomaza ngozi, na jua la saa chache tu huacha mabaka meupe yasiyofutika. Weka mimea kivulini kwa wiki ya kwanza, ipe jua la asubuhi pekee wiki ya pili, na chagua siku yenye mawingu kuwa ya kwanza ya kukaa wazi.