Bukoba 5.9, Mwanza ngapi?

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, alasiri, nilikuwa Kirumba, hapa Mwanza, nimekaa kwenye kibanda cha fundi simu nikisubiri abadilishe kioo. Ilikuwa kama saa tisa na nusu hivi. Bisibisi zikaanza kugongana ndani ya kopo lake, tiki-tiki-tiki, kama pikipiki imesimama nje haijazimwa. Ikapita nusu dakika, labda pungufu. Kisha ukaja mtikisiko wa pili, huu wa taratibu na mpana, na kibanda kizima kikayumba kushoto kulia. Jirani akasema ni lori. Tukachungulia barabarani, hakuna lori.

Jioni taarifa za tetemeko zikaanza kuingia kutoka Kagera. Nyumba zimeanguka Bukoba na Missenyi, shule za Ihungo na Nyakato zimeharibika vibaya, watu wamepoteza maisha. Hesabu ilifika watu wasiopungua 17, na majeruhi zaidi ya 200. Redio zikawa zinarudia namba moja: 5.9.

Niliporudi kuchukua simu, fundi aliyejua kazi yangu ni jiofizikia aliniuliza, "Dada, Bukoba wamepata tano nukta tisa. Sisi huku Mwanza tulipata ngapi? Mbili?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi tangu siku ile, na mhandisi mmoja, ambaye kwa heshima yake simtaji, aliniuliza vilevile. Jibu ni kwamba na sisi tulipata 5.9. Kampala na Kigali nao walipata 5.9. Tetemeko moja lina ukubwa mmoja, popote utakapolisikia. Kinachobadilika kutoka mji hadi mji, hata kutoka nyumba hadi nyumba, ni ukali wake, na ukali una kipimo chake kingine kabisa.

Nenda Igombe usiku usio na mwezi, utazame taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri. Taa moja ina nguvu moja, ile aliyoitoa nayo dukani. Mvuvi aliyeinama kando yake anaweza kuhesabu matundu ya wavu. Wewe uliyesimama mchangani unaona kinukta tu. Huwezi kusema taa yake ni kubwa kwake na ndogo kwako. Taa ni ileile, ila mwanga uliokufikia si uleule. Ile 5.9 ndiyo taa. Bisibisi kulia kwenye kopo ni mwanga uliofika Kirumba.

Sasa hiyo namba inapatikanaje? Charles Richter alitoa kipimo chake mwaka 1935, kwa ajili ya matetemeko ya kusini mwa California, akitumia chombo cha aina moja. Alichofanya ni kupima jinsi mchoro wa wimbi ulivyopanda kwenye karatasi, kisha akasahihisha kulingana na umbali wa chombo kutoka kwenye tetemeko. Kwa kazi ile kilifaa sana. Shida ni kwamba kwa matetemeko makubwa kipimo hicho kinagota: ufa uliopasuka unaweza kuwa mrefu zaidi na zaidi, namba ikabaki palepale. Ndiyo maana mwaka 1979 Thomas Hanks na Hiroo Kanamori walileta kipimo kingine ambacho hakitazami mchoro peke yake. Kinauliza eneo lililoteleza huko chini lilikuwa na ukubwa gani, liliteleza umbali gani, na mwamba wenyewe ni mgumu kiasi gani. Zidisha vitatu hivyo, upitishe kwenye logi, yaani hesabu inayobana namba kubwa mno ziwe ndogo, unapata namba. Ile 5.9 ilitoka huko, haikutoka kwa Richter. Watangazaji bado wanasema Richter na sina ugomvi nao. Nikiwa kwenye daladala hata mimi nasema Richter.

Hiyo logi ndiyo inayowapoteza watu. Kutoka 5 kwenda 6 unadhani umeongeza kidogo, kumbe nishati imeongezeka takriban mara 32. Chukulia nishati ya tetemeko la 5 ni kilo moja ya dagaa. La 6 ni kilo 32. La 7 ni tani moja, hapo unatafuta pikapu. La 8 ni tani 32, semitrela imejaa. La 9 ni tani 1,000, na meli ya New Victoria yenye uwezo wa tani 200 itabidi iende na kurudi mara tano. Lile la Chile la mwaka 1960, la 9.5, ambalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa kwa vyombo, linapita tani 5,000.

La kwetu la Kagera? Kilo 22. Ndoo moja hivi.

Huenda unakumbuka kwamba taarifa za mwanzo zilisema 5.7, baadaye ikawa 5.9, na watu wakacheka kwamba wataalamu wanabahatisha. Hesabu ya kwanza hufanywa haraka kwa vituo vichache na kwa sehemu ya mwanzo ya mawimbi, kisha inarekebishwa kadiri rekodi nyingine zinavyoingia. Kurekebisha ni jambo la kawaida kabisa. Ila rudi kwenye dagaa uone hiyo 0.2 ina uzito gani: 5.7 ni kilo 11, na 5.9 ni kilo 22. Imeongezeka mara mbili.

Ukali nao hupimwa kwa kuuliza watu na kutazama majengo. Giuseppe Mercalli, padri wa Italia, alitoa madaraja yake mwaka 1902, na yakarekebishwa Marekani mwaka 1931. Yanaanzia I hadi XII, na huandikwa kwa namba za Kirumi ili yasichanganywe na ile namba nyingine. Daraja la II wanalihisi wachache waliotulia, hasa walioko ghorofani. La III ndilo lile la "ni lori". Likifika IV vyombo vinalia kabatini na milango inagongagonga. La V linaamsha waliolala. La VI watu wanatoka nje mbio na plasta inadondoka. VII ndipo nyumba zilizojengwa ovyo zinapovunjika huku zile imara zikibaki na nyufa ndogo. Jirani na kitovu, yaani pale juu ya ardhi palipo wima juu ya chanzo, kule Kagera, ukali ulikadiriwa kufika VII. Kibanda cha fundi simu nimekipa III, labda IV kwa ajili ya zile bisibisi.

Wala Mwanza yenyewe haikuwa na daraja moja. Dada yangu alikuwa ghorofa ya tano mjini, chai ikamwagika kwenye sahani, akashuka ngazi viatu mkononi. Mawimbi yanayotoka mbali hufika yakiwa ya taratibu, na jengo refu huyafuata vizuri zaidi kuliko nyumba ya chini. Mjomba alikuwa ziwani kwenye mtumbwi, hakuhisi chochote hadi alipoambiwa nchi kavu. Naye hakuwa na masikio mazito: yale mawimbi ya pili, yanayotikisa kushoto kulia, hayapiti kwenye maji.

Umbali ni sababu ya kwanza ya tofauti ya Bukoba na sisi, na inaeleweka haraka. Kitovu kilikuwa kama kilomita 40 kutoka Bukoba, na kutoka Mwanza zaidi ya 200. Tena chanzo chenyewe kilikuwa kina cha takriban kilomita 40 chini ya ardhi. Hata aliyekuwa amesimama juu yake kabisa alikuwa mbali nacho kilomita 40. Tetemeko la ukubwa uleule kwa kina cha kilomita 10 lingewaumiza zaidi waliokuwa karibu nalo. Sisi huku tusingeona tofauti kubwa.

Sababu ya pili ni ardhi uliyosimama juu yake, na hapa ndipo Mwanza inaponifurahisha. Weka kwenye sinia moja jiwe na bakuli la uji, kisha gonga sinia kwa chini. Jiwe linatikisika na sinia, basi. Uji unaendelea kucheza. Ardhi laini, udongo wa bondeni au mchanga wa ufukweni uliolowa, hupokea wimbi na kulikuza. Mwanza imekaa juu ya matale, miamba ya zamani sana yenye umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu, ileile unayoiona kwenye Jiwe la Bismarck. Mkazi wa Bugando aliyejenga juu ya jabali anatikisika na sinia. Aliyejenga bondeni kandokando ya Mto Mirongo amejenga kwenye uji. Huyo wa jabalini naye asijisifu mapema, maana nyuma ya nyumba nyingi za milimani kuna jiwe limekaa juu ya jiwe lingine, na hilo la juu halikufungwa na mtu.

Miamba hiyo migumu ina tabia nyingine: haimezi mawimbi. Ardhi changa yenye nyufa nyingi hulichosha wimbi njiani, ila mwamba wetu hulisafirisha mbali. Ndiyo maana tetemeko la kilo 22 za dagaa lilisikika nchi kadhaa.

Na ule mtikisiko wa mara mbili kwenye kibanda? Tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili kwa wakati mmoja. La haraka linasukuma na kuvuta, ndilo lililogonganisha bisibisi. La polepole linatikisa kando, ndilo lililoyumbisha kibanda. Kadiri ulivyo mbali, ndivyo la pili linavyochelewa. Siku nyingine hesabu sekunde kati ya la kwanza na la pili, zidisha kwa 8, utapata umbali wako kutoka kwenye chanzo kwa kilomita, kwa kukadiria. Kwa umbali wa Kirumba siku ile zingetoka kama sekunde 25 au zaidi kidogo. Mimi mtaalamu sikuhesabu. Nilikuwa nachungulia lori.

Miezi michache baadaye nilikwenda Bukoba kumpa pole shangazi. Kwenye kiwanja chake kulikuwa na majengo mawili, hatua kumi hazifiki kati yake. Jiko la matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo lilikuwa kifusi. Nyumba kubwa, yenye lenta ya zege na nondo iliyozunguka kuta zote, ilikuwa na ufa mmoja juu ya dirisha, mwembamba kama uzi. Fundi aliyekuwa anajenga jiko upya akaniuliza, "Dada, nikizungusha lenta na hapa jikoni, litahimili Richter ngapi?"

Nikamrudisha kwenye taa za dagaa, tukaongea karibu saa nzima, shangazi akitukatiza kila mara akitaka kujua nani atalipia hizo nondo.