Mfupa au jiwe? Kwanza tuuulize mto

Ukiniletea jiwe ukitaka nikuambie ni la mnyama gani, swali langu la kwanza halitamhusu mnyama. Nitakuuliza umeliokota mto gani, upande gani wa mto, na huko juu unakotoka kuna mwamba gani. Wengi hukereka kidogo. Wamekuja na kitu kizito, cheusi, kina umbo la goti, halafu mtaalamu anaanza kuuliza habari za milima. Lakini mto hauumbi visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka jiwe. Unavibomoa kwenye mwamba, unavisogeza, unavichanganya na takataka nyingine zote za safari, kisha unavitupa kwenye kona pamoja na kokoto. Ukiujua mwamba, nusu ya kazi imekwisha. Usipoujua, hata mfupa halisi utakudanganya kuhusu umri wake.

Nianze na habari isiyopendeza kwa ndugu zangu wa Iringa. Yale majabali makubwa tunayojivunia, Gangilonga na wenzake, ni miamba iliyotokana na moto wa chini ya ardhi, na ni ya kale kiasi kwamba ilipoganda hapakuwa na mnyama yeyote duniani mwenye mfupa. Kokoto nyingi za Ruaha Mdogo zimetoka kwenye miamba ya aina hiyo. Unaweza kuzipekua msimu mzima usipate hata jino, na si kwa sababu huna bahati. Hakuna kitu humo.

Isipokuwa pale ambapo maji yamelaza mashapo, yaani udongo na mchanga wa miaka ya baadaye, juu ya majabali hayo. Isimila ni mfano mzuri, kilometa 20 hivi kutoka Iringa mjini ukielekea Mbeya. Watu huenda kupiga picha kwenye zile nguzo za udongo na kuondoka, ilhali utamu wenyewe uko chini kwenye korongo. Zana za mawe za hapo zilianza kujulikana kwa wataalamu mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell na wenzake wakachimba. Shoka za mawe ni nyingi mno, na pamoja nazo ilipatikana mifupa ya kiboko wa kale, Hippopotamus gorgops, ambaye matundu ya macho yake yaliinuka juu ya fuvu kupita ya kiboko tunayemjua. Kwa hiyo korongo dogo lililokata udongo wa bwawa la kale lina thamani kubwa kuliko mto mkubwa unaopita kwenye majabali.

Mbeya shida ni nyingine: volkano. Rungwe, Ngozi, Kyejo na milima ya Poroto imemwaga mawe meusi yenye vitundu katika kila mto unaoshuka kutoka huko, na hakuna jiwe linalofanana na mfupa kuliko hilo. Sehemu kubwa ya picha ninazotumiwa kutoka Tukuyu na Uyole zinaanza na "Shikamoo dokta, huu si mfupa wa dinosaria?" na jibu ni lava, jiwe lililoyeyuka la volkano likaganda. Nisikufiche, kwenye picha ya simu hata mimi huwa sina uhakika mpaka nione sehemu iliyovunjika.

Basi tuitazame hiyo sehemu iliyovunjika, maana hapo ndipo ubishi wote unapoishia. Chukua lenzi ya kukuza mara kumi, ile ndogo inayokunjwa wanayotumia masonara. Isogeze karibu na jicho, kisha lete jiwe kwenye lenzi, usifanye kinyume chake. Mfupa una tabaka mbili. Nje kuna ganda gumu, lililoshikana, na ukilitazama vizuri lina vijishimo vidogo mno, vimepangwa, kila kimoja kikiwa njia ya mshipa wa damu enzi za uhai. Ndani ya ganda hilo kuna sehemu ya vyumba vyumba, kama andazi lililoumuka vizuri ukilipasua katikati. Jambo la kuangalia ni jinsi ganda linavyogeuka kuwa vyumba. Kwenye mfupa mabadiliko hayo ni ya taratibu: vyumba ni vidogo karibu na ganda, vinapanuka kadiri unavyokwenda ndani, na kuta zake nyembamba zimeelekea upande ule uliokuwa ukibeba uzito wa mnyama. Lava haina mpango huo. Vitundu vyake ni mapovu ya gesi. Vingine vikubwa, vingine vidogo, vimetawanyika ovyo, mara nyingi vimevutwa upande mmoja kwa sababu lava ilikuwa ikitiririka, na vinafika hadi juu kabisa ya jiwe bila ganda lolote. Ukiona kitundu cha duara kamili chenye ukuta laini unaong'aa, hilo ni povu. Na kama jiwe lenyewe linaelea kwenye beseni la maji, wala usihangaike, hilo ni lile la kusugulia visigino.

Kuna ndugu mwingine wa lava ambaye hana uhusiano na volkano: mavi ya chuma. Kanda yetu ilikuwa na wafua chuma wengi zamani, na mabaki ya tanuri zao hutoka kwenye kingo za mito baada ya mvua, mazito, meusi, yana mapovu na michirizi. Wengine huniletea wakidhani ni kimondo, kwa kuwa Mbozi tunacho cha kweli. Si kimondo wala si mfupa, ila yaweke kando, yana historia yake na mtaalamu wa akiolojia atayapenda kuliko mimi.

Sasa twende mahali penye mali. Lakini tafadhali, usiniambie "Songwe" tu, kwa sababu mito ya Songwe ni miwili. Mmoja unakwenda Ziwa Rukwa. Mwingine ni mpaka wetu na Malawi na unaingia Ziwa Nyasa. Kwa mtafuta visukuku hiyo ni dunia mbili tofauti.

Bonde la Rukwa ndilo lenye mawe mekundu ya mchanga yaliyolazwa na mito ya enzi za dinosaria. Wataalamu wameyapa jina la Galula. Humo ametoka Rukwatitan, aliyetangazwa mwaka 2014, na Shingopana mwaka 2017, wote wawili wa kundi la wale wenye shingo ndefu waliokula majani. Mwaka 2019 akatangazwa Mnyamawamtuka, mwenye umri wa takriban miaka milioni 100, na huyu anatuhusu sana sisi wa mitoni: mifupa yake ilionekana mwaka 2004 ikitokeza kwenye ukuta wa genge juu ya Mto Mtuka. Mto ndio uliokata ukuta. Watafiti waliurudia msimu baada ya msimu kumtoa mwambani kidogo kidogo.

Karibu na hapo, mto Nsungwe umekata mawe machanga zaidi, ya miaka milioni 25 hivi. Umri huo tunaujua kwa sababu majivu ya volkano yaliangukia katikati ya mashapo, na chembe za madini ndani ya majivu zinapimika. (Kwa hiyo volkano, pamoja na kero zote nilizozisema, ndiyo iliyotuwekea saa.) Hapo walipatikana Rukwapithecus, wa upande wa sokwe na sisi binadamu, na Nsungwepithecus, wa upande wa tumbili na nyani, walitangazwa pamoja mwaka 2013. Nsungwepithecus ni kipande cha taya chenye jino moja. Moja tu. Mtu aliyetafuta mfupa mkubwa wa kushangaza majirani angekikanyaga akapita.

Na juu ya yote hayo, kuzunguka ziwa, kuna mashapo meupe na ya kijivu ya Ziwa Rukwa lenyewe, lililokuwa kubwa kupindukia hapo zamani, kiasi cha kumwagikia Ziwa Tanganyika. Konokono, kome, miba ya samaki, meno ya kiboko. Hivi ndivyo watu wengi huvipata, na ndivyo wengi huviita dinosaria. Mfupa ulioutoa kwenye udongo mweupe unaovunjika kwa kucha hauwezi kuwa wa dinosaria hata ukiwa mkubwa kama gogo, isipokuwa mto umeuleta kutoka kwenye mwamba mwekundu huko unakotoka. Ndiyo maana naomba uchunguze matope yaliyobaki kwenye mashimo ya mfupa kabla hujauosha. Tafadhali usiuoshe. Punje za mchanga mwekundu zilizoganda ndani ya kitundu zinaniambia nyumbani kwake kuliko umbo lake.

Ludewa nayo ni habari nyingine. Bonde la Ruhuhu lina miamba ya kale zaidi ya yote niliyoitaja yenye mifupa. Ile ya chini ina makaa ya mawe, kama ya Mchuchuma, na palipo na makaa kuna majani: jani lenye umbo la ulimi, mshipa mnene katikati na wavu wa mishipa midogo pembeni, ndilo Glossopteris. Juu yake ndiko waliko wanyama. Asilisaurus, ndugu wa karibu wa dinosaria, alitangazwa mwaka 2010. Teleocrater, naye wa ukoo huo mpana, alisubiri zaidi: mifupa ya kwanza iliokotwa na mtafiti Rex Parrington mwaka 1933, ikakaa Uingereza, na jina rasmi likachapishwa mwaka 2017 baada ya mifupa mingine kupatikana. Anayeokota mara nyingi huko, hata hivyo, atakutana na madaisinodonti, wanyama wala majani wenye mdomo mgumu, wengi wao wakiwa na meno mawili tu mdomoni, kama pembe za ndovu mdogo. Ukiona kipande cha taya kisicho na meno mengine, usidhani yamedondoka.

Vipimo vya mkononi ninavyovitumia ni vichache. Uzito: mfupa uliogeuka jiwe ni mzito kuliko wa ng'ombe wa ukubwa uleule. Rangi haina maana kubwa. Mfupa wa ng'ombe ukilala kwenye maji yenye chuma huwa wa kahawia upesi, watu wakashangilia. Kipimo cha ulimi kinafanya kazi, maana mfupa wenye vitundu hunata ulimini, lakini udongo mkavu wa mfinyanzi nao hunata, na kwenye mto wanapooga ng'ombe mimi sikipendekezi. Bora sindano iliyopashwa moto hadi iwe nyekundu: iguse mahali padogo pasipo na umuhimu. Ikitoa harufu ya unywele ulioungua, mfupa bado una protini yake ya asili ndani na si wa kale sana. Ikikaa kimya, endelea kuuliza.

Kwa meno mambo huwa mepesi, kwa sababu enameli, lile ganda gumu la jino, haiozi haraka na kila ukoo una mchoro wake. Gego la kiboko lililolika huonyesha umbo la majani matatu yaliyoshikana. La ng'ombe na nyati lina mikunjo ya nusu mwezi. La mamba ni koni yenye mifereji midogo kuanzia ncha kushuka chini, na mara nyingi ni tupu ndani. Lakini hata hapa Rukwa imetuwekea mtego: Pakasuchus, mamba mdogo wa ukubwa wa paka aliyetangazwa mwaka 2010, ana magego yanayofanana na ya mamalia. Jino lake likipatikana peke yake bila taya, ni rahisi kumpachika ukoo usio wake. Vibamba bapa vyenye vishimo vishimo juu ni vya mamba au kobe wa majini. Kibamba chenye chunjua chunjua huenda ni fuvu la kambale, tena mwangalie kambale wa sokoni ukitaka kulinganisha, ni maktaba ya bure.

Mengine ni ya haraka. Michoro myeusi ya majani ya feni kwenye ufa wa jiwe kwa kawaida ni madini ya manganizi yaliyojipenyeza, si mmea. Mmea wa kweli una mshipa na kingo. Jiwe la mviringo linalofanana na yai likipasuka likaonyesha pete pete hadi katikati, ni mchanga ulioganda kuzunguka kiini. Na mti uliogeuka jiwe una nyuzi zinazokwenda upande mmoja, haupinduki kuwa vyumba.

Kuhusu bei, kwa kuwa huulizwa kila mara: hakuna bei. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inavihusu visukuku vya wanyama na mimea. Kuchimba, kuuza au kupeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa. Anayekuambia atakupa dola kwa jino anakuingiza kwenye kesi.

Kilichokwisha kuanguka kwenye kokoto kimepoteza sehemu ya habari zake, lakini kilicho bado ukutani kina habari zote. Kwa hiyo ukiona mfupa unatokeza kwenye genge, usiuvute; utakatika pale palipolainika na sehemu ya ndani itabaki bila kichwa. Piga picha tatu: moja ya mbali inayoonyesha genge zima na mto, moja ya mita chache inayoonyesha tabaka lenye mfupa na yale ya juu na chini yake, na moja ya karibu ukiwa umeweka sarafu au kalamu kando. Washa mahali kwenye simu ili picha zibebe vipimo vya ramani. Kisha mpe taarifa mwenyekiti wa kijiji na Idara ya Mambo ya Kale, na ufanye hivyo kabla ya Novemba, kwa sababu mvua za kwanza hubomoa kingo.