Kabla hujaingiza jiko chumbani, litazame bati lako

Juma lililopita nilikwenda kupima chumba cha kulala katika nyumba moja nje kidogo ya mji wa Njombe, na nikiwa bado juu ya ngazi, mama mwenye nyumba aliniambia kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma fundi aliyepoteza safari yake: "Fundi, dari ni urembo, tutaiweka Mungu akijalia. Mwezi huu wa sita tutaingiza jiko tu, na wala usihofu, huwa tunasubiri mkaa uive kabisa, moshi uishe, ndipo tunaliingiza ndani." Maneno hayo nimekwisha kuyasikia kwa walimu, kwa madereva wa malori ya mbao, kwa muuguzi mmoja ambaye nilitegemea yeye ndiye anionye mimi, na kwa fundi mwenzangu ambaye dari ya nyumba yake ni nzuri kuliko yangu. Kila mara nimejibu kwa mdomo, nikiwa na misumari kinywani, na kila mara nimeshindwa. Leo naandika.

Naanza na mkaa, ingawa kazi yangu ni dari, kwa sababu dari inaweza kusubiri mwezi wa saba na mkaa hausubiri. Moshi na sumu ni vitu viwili tofauti. Moshi unaowasha macho wakati jiko linawashwa ni maji, lami na masizi ya vipande ambavyo havikuungua sawasawa tanuruni, nao huisha mkaa ukiiva. Sumu ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo inatengenezwa na kaa lenyewe jekundu. Hewa huingia kwa chini kupitia matundu ya jiko, oksijeni yake hukutana na makaa ya chini na kuwa kaboni dioksidi, kisha gesi hiyo inapopanda katikati ya makaa mekundu ya juu hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na kugeuka kuwa kaboni monoksidi. Ndimi za rangi ya buluu unazoziona zikichezacheza juu ya jiko ni gesi hiyo ikiungua. Ndimi zikitoweka na makaa yakabaki mekundu na kimya, gesi haiungui tena, bali inatoka na kuingia chumbani. Kwa hiyo ule wakati ambao familia inasema "sasa limeiva, liingizeni" ndio wakati ambao onyo pekee lililokuwepo, yaani moshi, limeondoka na sumu imebaki.

Wanaoufunika mkaa kwa majivu ili udumu hadi alfajiri huzidisha tatizo, kwa kuwa moto ulionyimwa hewa ndio unaotoa gesi hii kwa wingi zaidi. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii hata kidogo. Gesi hii haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha maana, na beseni litakuwa safi asubuhi kwa sababu hakuna kilichoingia humo. Kuliweka jiko sakafuni au juu ya meza hakubadilishi chochote, kwa sababu gesi hii ni nyepesi kidogo tu kuliko hewa na huchanganyika nayo chumba kizima.

Limebaki dirisha, na hapa ndipo vitabu vinaponichosha. Vinaandika "hakikisha hewa inapita ya kutosha" kisha vinaendelea na sura nyingine, kana kwamba mtu wa Makete katika usiku wa mwezi wa saba, sakitu ikiwa inaunguza viazi nje, anajua ya kutosha ni vidole vingapi. Mimi mwenyewe sijui, na nimekuwa juu ya ngazi za watu kwa miaka kumi na nne. Usiku wenye upepo, mwanya wa vidole vitatu unaweza kutosha; usiku uliotulia, dirisha zima linaweza lisitoshe, na anayetakiwa kutambua tofauti hiyo amelala usingizi. Isitoshe, ukilifungua dirisha kiasi cha kuwa salama, joto ulilolinunua kwa mkaa nalo limetoka. Kwa hiyo nimeacha kushauri habari ya dirisha. Jiko la mkaa haliingii mahali watu wanapolala, basi.

Mtu akiamka na kichwa kizito, kichefuchefu na miguu isiyo na nguvu katika nyumba iliyokuwa na jiko, asidhani ni malaria. Gesi hii hujishika na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na tiba yake ni kutoka nje mara moja, kisha kupewa oksijeni hospitalini. Maziwa ni chakula kizuri lakini hayahusiki. Mkifika hospitalini, semeni kabisa kwamba mlilala na jiko, kwa sababu kile kifaa kinachobanwa kidoleni hakitofautishi vizuri damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu hii, na kinaweza kuonyesha namba ya kupendeza kwa mgonjwa aliye hatarini.

Sasa nirudi kwenye bati. Nyumba zetu nyingi huku zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, zikaezekwa kwa bati la geji 28 au 30, na mwenye nyumba akiishiwa fedha, kitu cha kwanza kuachwa ni dari. Bati hilo halifiki hata unene wa nusu milimita. Linazuia mvua vizuri sana na joto halizuii kabisa. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, ambacho ndani yake kuna joto linalozidi la nje kwa nyuzi 10: kwa hesabu yangu, joto linalopotea kupitia bati tupu ni karibu wati 800, sawa na pasi iliyowashwa na kusahauliwa kwa upande wa angani. Ukiweka dari ya jipsamu peke yake, upotevu huo unashuka hadi wati 300 hivi. Ukiweka juu ya dari hiyo maranda makavu ya unene wa sentimita 10, hautafika wati 100. Hesabu hizi ni za karatasi, na nyumba halisi ina nyufa ambazo karatasi haina, lakini mpangilio wake haubadiliki.

Usiku wa anga jeupe mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu bati hulitupa joto lake moja kwa moja angani na likapoa kuliko hata hewa iliyo nje. Ndiyo maana alfajiri linadondosha maji ndani wakati wa kiangazi. Nimeitwa mara nyingi kuziba "bati linalovuja" katika mwezi ambao haujanyesha hata tone. Hayo ni jasho: pumzi za waliolala zimepanda, zikakuta bati la baridi, zikageuka maji. Familia ya watu wanne hutoa zaidi ya lita moja ya maji kwa usiku mmoja kwa kupumua na kutoka jasho tu. Ninapokuta jasho hilo sihitaji kipimo kingine cha kuniambia joto linapita wapi.

Kuhusu wanaosema kwamba saruji "inatoa baridi": saruji haitoi baridi, inachukua joto la mguu wako haraka. Tandika mkeka au maboksi yaliyokunjuliwa, hasa chini ya godoro kama mnalala chini, na tuendelee.

Asiye na fedha za jipsamu anaweza kushona viroba safi vya nailoni na kuvikaza chini ya kenchi kwa mbao nyembamba. Si pazuri kwa picha, ila hewa tulivu inayobaki kati ya viroba na bati ndiyo inayofanya kazi, wala haikuulizi ilizuiwa na nini. Usiweke maranda juu ya viroba, vitalegea. Juu ya jipsamu unaweza kuyaweka, mradi mbao za kushikilia zisiachane zaidi ya sentimita 40, kwa sababu maranda ya chumba kimoja yanaweza kufika kilo 100 na kuzidi. Jambo hilo nilijifunza vibaya: mwaka wangu wa pili wa kazi niliziachanisha mbao kwa sentimita 60, na mwezi wa tatu dari ikawa na tumbo, mwezi wa tano ikamshukia mwenye nyumba mezani.

Katika karakana nyingi za mbao nilizofika, kuanzia Mafinga hadi hapa Njombe, maranda ni taka inayochomwa moto, na gharama yake kubwa ni usafiri. Huyachanganya na chokaa kidogo ili panya na wadudu wasiyapende sana. Hata hivyo, kuna kitu kimoja kinachoninyima raha. Maranda yanawaka. Katika nyumba ambayo nyaya za umeme zimetandazwa juu ya dari bila mabomba, na maungio yamefungwa kwa utepe tu, siyaweki mpaka fundi umeme arekebishe kwanza, na zipo kazi nilizozikosa kwa sababu hiyo. Pia sina hakika yatabaki na unene uleule baada ya miaka kumi; yanashuka, na bado sijarudi kwenye nyumba za kutosha kuyapima.

Kuna mgongano mwingine ambao mafundi hatupendi kuutaja. Nikiziba ule mwanya mrefu kati ya ukuta na bati, chumba kinapata joto, lakini ule unyevu wa lita moja unabaki ndani na kuvu inaota pembeni. Nikiuacha, upepo unapita juu ya kitanda. Nimeamua kuuziba wote na kuacha tofali moja la matundu juu ukutani, mbali na vitanda, ila nakiri kwamba ukubwa wake naukadiria kwa uzoefu. Kama kioo cha dirisha kinatiririka maji kila asubuhi, tofali hilo ni dogo.

Heta ya umeme ya wati 1,500 ikiwashwa saa sita kila usiku hula uniti 270 kwa mwezi. Zidisha kwa shilingi 350 hivi, utapata zaidi ya 94,000. Lita mbili za maji kutoka nyuzi 15 hadi 75 hutumia takriban moja ya saba ya uniti, yaani kama shilingi 50. Yatie katika chupa ya mpira ya kukandia, uizungushie fulana, uiweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Usitumie chupa ya soda. Itajikunja, na asubuhi utakuwa na godoro lililolowa.

Yule mama tulikubaliana chumba kimoja tu, cha watoto, na familia yote ya watu wanne italala humo mpaka mwezi wa nane. Aliyelala hutoa joto la wati 70 au 80, kwa hiyo wanne ni karibu wati 300, bure, usiku kucha, na dari yenye maranda haitapoteza hata theluthi yake. Baba mwenye nyumba aliuliza kama yeye, kwa unene wake, hawezi kuhesabiwa mia. Nimemwandikia mia. Maranda yanaletwa Jumamosi, na jiko limerudi jikoni.