Belle Vue Aces: tunayoyadhani na yaliyotokea

Pikipiki ya spidwei, mbio za pikipiki zinazozunguka kwenye uwanja wa changarawe, haina breki. Hilo ni kweli, na ndilo jambo la kwanza mtu hulisikia, kisha hapo hapo anaanza kukosea. "Basi hao ni wehu," huniambia karibu kila Mswahili mwenzangu ninapomweleza kwamba jioni ya Jumatatu naelekea Gorton, mashariki mwa Manchester, kuitazama timu ya spidwei ya Belle Vue Aces.

Njoo usimame nami kwenye uzio wa kona ya kwanza. Ukanda wa kuanzia unaruka juu, pikipiki nne zinatoka kwa pamoja, na kabla hujavuta pumzi zimeshafika mbele yako bega kwa bega. Gurudumu la nyuma limeshaachia, linatupwa kulia, na changarawe nyekundu inaruka hadi juu ya uzio. Gurudumu la mbele nalo limeelekezwa kulia, ingawa dereva anakata kushoto. Mguu wake wa kushoto, uliovikwa soli ya chuma, unaburuzika chini. Huko kuteleza ndiko kunakopunguza mwendo. Chombo chenyewe ni chepesi, uzito wake unaanzia kilo 77, injini ni ya silinda moja ya cc 500 inayokula methanoli badala ya petroli, na gia ni moja tu. Dereva anaongoza kwa mkono wa mafuta, kwa klachi na kwa uzito wa mwili wake. Sasa fikiria mmoja wa wale wanne ashike breki ghafla katikati ya kona. Walio nyuma yake wangempanda mgongoni. Kukosekana kwa breki kunamlinda kila aliyeko njiani, kwa sababu hakuna anayeweza kusimama ghafla mbele ya mwenzake. Wanaozoea bodaboda hupata shida kulikubali hili, lakini barabarani hakuna watu wanne wanaoteleza kwa pamoja kuelekea upande mmoja.

Kosa la pili ni kuuhesabu huu kuwa mchezo wa mtu mmoja mmoja. Picha zinachangia, maana mara nyingi huonyesha dereva mmoja aliyelala kwenye kona. Lakini Belle Vue ni timu kama ilivyo timu ya mpira: ina ligi, ina mechi za nyumbani na ugenini, ina ubingwa na ina miaka ya aibu. Timu ina madereva saba. Katika kila mbio wanatoka wawili wa nyumbani, wenye helmeti nyekundu na ya buluu, dhidi ya wawili wa wageni wenye nyeupe na ya njano. Mizunguko ni minne, na huisha kwa kama dakika moja. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hatoki na kitu. Mbio 15 zinazaa pointi 90, kwa hiyo anayefika 46 ameshinda.

Chukua hesabu hiyo uone inamfanyia nini dereva. Akishinda peke yake na mwenzake akawa wa mwisho, matokeo ni 3 kwa 3, wamefanya kazi bure. Wakifika wa kwanza na wa pili, ni 5 kwa 1. Kwa hiyo utamwona dereva mwenye kasi kubwa akigeuza kichwa, akitafuta helmeti ya mwenzake, halafu anapunguza kidogo na kumfungia mpinzani njia ya nje ili mwenzake apenye ndani. Ametoa kasi yake sadaka kwa ajili ya pointi mbili za mwingine. Kwangu mimi huo ndio uzuri wa spidwei, na ndiyo maana inaniuma ukiitwa mchezo wa kujionyesha.

Jina nalo limezaa dhana yake. Belle Vue ilikuwa bustani ya starehe na ya wanyama iliyofunguliwa na John Jennison mwaka 1836, na watu wa Manchester walikwenda huko kutazama simba, kucheza dansi na kula. Kwa sababu hiyo wapo wanaodhani timu ilikuwa kionjo cha pembeni, kitu cha kuchangamsha watu baada ya kuona tembo. Kweli, uwanja wa Hyde Road ulikuwa ndani ya bustani zile, na spidwei ilianza kukimbizwa pale Machi 1929. Lakini bustani ya wanyama ilifungwa mwaka 1977, na Aces wakaendelea kukimbia.

Tena Hyde Road haikuwa mahali pa kwanza, ingawa wazee wengi huizungumzia hivyo. Mbio za kwanza za Belle Vue zilifanyika mwaka 1928 kwenye uwanja wa mbio za mbwa wa Kirkmanshulme Lane, jirani tu, ule ule ulioleta Uingereza mbio za mbwa wanaofukuza sungura wa mashine mnamo Julai 1926. Wenyeji waliuita Kirky Lane. Na hata spidwei ya Uingereza kwa ujumla husemwa ilizaliwa High Beech, karibu na London, tarehe 19 Februari 1928. Siku hiyo ilikuwa kubwa, sikatai. Ila mwaka mmoja nyuma, Mei 1927, watu walishindana Camberley, wakizunguka kwa kufuata mshale wa saa, kinyume na ilivyo leo. Mwezi uliofuata zikafanyika mbio Droylsden, maili chache kutoka Belle Vue. Kaskazini hawakusubiri kufundishwa na London.

Kuhusu miaka ya vita nitasema kwa ufupi. Aces walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi ya taifa mara nne mfululizo, kuanzia 1933 hadi 1936, na walikuwa kileleni tena msimu wa 1939 ulipokatishwa na vita. Wengi hudhani injini zote zilizimwa hadi 1945. Sehemu nyingi zilizimwa, lakini Hyde Road haikuzimwa. Jumamosi baada ya Jumamosi watu waliendelea kuja.

Sasa Peter Craven, dereva wa Belle Vue. Hapa naomba utulie, kwa sababu habari zake husimuliwa vibaya kuliko zote. Alizaliwa Liverpool mwaka 1934, mwili mdogo, na juu ya pikipiki alikuwa na msawazo ambao wenzake walishindwa kuuiga. Alikuwa bingwa wa dunia Wembley mwaka 1955, akarudia mwaka 1962. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla Mwingereza mwingine, Tai Woffinden, hajafikisha mataji mawili.

Tarehe 20 Septemba 1963 alikuwa na Belle Vue huko Edinburgh, kwenye mechi ambayo haikuwa hata ya ligi. Alifariki tarehe 24, akiwa na miaka 29. Mtu akisikia hivyo, huunganisha na zile breki na kusema kasi ilimponza. Sivyo. Mpinzani alikuwa ameanguka mbele yake. Craven alikata njia ili asimgonge, akaenda kugonga uzio. Mtu huyo alikufa akimkwepa mwenzake, na kumwita mzembe ni kumdhulumu. Msimu huo huo Belle Vue ilimaliza ikiwa bingwa wa ligi.

Halafu kuna wanaodai kwamba mataji matatu ya ligi ya 1970, 1971 na 1972 yalinunuliwa kwa kuleta madereva wa kigeni. Ivan Mauger alitoka New Zealand, ndiyo, na Soren Sjosten alitoka Uswidi. Lakini kwenye kundi lile alikuwa anakua kijana wa Urmston, pale pale pembezoni mwa Manchester, aitwaye Peter Collins. Mauger aliondoka baada ya 1972. Collins alibaki, na mwaka 1976 akawa bingwa wa dunia nchini Poland, Mwingereza wa kwanza tangu Craven.

Ya mwisho ndiyo ninayoisikia zaidi: kwamba Belle Vue ilikufa Hyde Road ilipofungwa, mwishoni mwa 1987. Naelewa inatoka wapi. Watu walipoteza mahali ambapo babu zao walisimama, uwanja ukabomolewa na eneo likawa la mnada wa magari. Huzuni ile ilikuwa ya haki. Lakini msimu uliofuata Aces walikuwa tayari wamerudi Kirky Lane, kule kule walikoanzia mwaka 1928, na wakiwa huko wakatwaa ubingwa wa 1993.

Mwaka 2016 wakajengewa uwanja mpya hapo hapo Kirkmanshulme Lane. Mbio za ufunguzi, za kuwania kombe lenye jina la Peter Craven, zilifutwa kwa kuwa njia haikuwa salama, na watu walikuwa wameshafika. Walikasirika, na walikuwa na sababu. Ila waliodhani madereva wa spidwei hukimbia popote bila kujali walipata jibu lao jioni ile. Ubingwa uliofuata ulikuja 2022, baada ya miaka 29, dhidi ya Sheffield.

Kwa hiyo ukifika Manchester, usiende Hyde Road, utakuta magari ya mnada. Nenda uwanja mpya wa Kirkmanshulme Lane, Jumatatu jioni, msimu wa joto. Simama kona ya kwanza, na uvae nguo usiyoionea uchungu, maana changarawe ile nyekundu haitoki upesi.