Kiwanja Mlandizi, kazi Posta: foleni inaanzia kwenye kiwanja

Swali tunaloulizwa sana sisi watu wa mipango miji tukienda kwenye mikutano ya mitaa ni hili: barabara imepanuliwa, daraja la juu limejengwa, mbona foleni iko pale pale? Na anayeuliza mara nyingi ni mtu anayefanya kazi Dar es Salaam lakini aliyejenga mbali, Kibaha huko, Chanika, Mapinga, Kisemvule, anaamka saa kumi alfajiri ili saa mbili awe ofisini na jioni yale yale tena. Jibu langu huwa naanzia siku ile uliyoenda kununua kiwanja.

Kwanza tuelewane, hapa halaumiwi mtu kwa kwenda kujenga mbali. Mjini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kiwanja Kimara tu hapo hakishikiki, sasa ukiambiwa Mlandizi kuna kiwanja unalipa kidogo kidogo utaacha? Angalia sensa: Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 4.36 mwaka 2012, mwaka 2022 ikafika milioni 5.38. Mkoa jirani wa Pwani, zilipo Kibaha na Mlandizi, kwa miaka hiyo hiyo ulitoka milioni 1.1 hadi milioni 2.02, yaani karibu mara mbili. Na wapo wengi tu humo ambao wamehamisha kitanda peke yake, kazi wameiacha Posta katikati ya jiji, watoto wanasoma Tabata, hospitali ni Muhimbili.

Sasa ona kiwanja kinavyopatikana. Mzee ana shamba la mikorosho eka tano, anakuja dalali wanakubaliana, linakatwa ishirini kwa ishirini, katikati kinaachwa kichochoro cha mita nne au tano mradi gari ipite. Jirani naye anakata la kwake kivyake. Vile vichochoro vya mashamba mawili havikutani, kimoja kinaishia kwenye ukuta wa mwenzake, kwa hiyo ukitaka kwenda dukani mtaa wa pili, mita mia mbili tu kwa mstari ulionyooka, inabidi utoke mpaka barabara kuu uende mbele uingie tena. Yaani hata mtu anayefuata chumvi yumo kwenye Morogoro Road pamoja na malori ya Zambia na Congo. Hapo ndipo barabara kuu inapogeuzwa kuwa mtaa, na ikishakuwa mtaa kinakuja kibao cha 50, matuta, bodaboda wanaokatiza, mama na ndoo anavuka, halafu dereva wa mkoani analalamika kapigwa tochi na faini elfu thelathini. Kile kibao hakikuwekwa kumkomoa mtu, kimefuata nyumba zilizojipanga pale bila barabara ya pembeni ya kupokea magari yao.

Watu wanasema basi leteni daladala. Tufanye hesabu ya haraka. Mtu wa kawaida anakubali kutembea kama mita 500 kufika kituoni, zaidi ya hapo anaita boda. Mzunguko wa mita 500 una eneo la hekta 78 hivi. Toa theluthi kwa ajili ya barabara na huduma, gawa viwanja vya mita za mraba 600, unapata kama viwanja 850. Vingejengwa vyote gari zingegombania abiria hapo. Lakini nenda kaangalie, nyumba moja, kichaka, msingi uliosimama, kichaka, bango la "kiwanja hiki hakiuzwi", nyumba nyingine. Ikijengwa robo tu ni nyumba 210, toa wenye gari, toa wasiotoka asubuhi, mwenye daladala anabaki na watu wa kujaza Coaster chache saa kumi na mbili halafu mchana kutwa hamna kitu. Hawezi kuingia huko na hutamlazimisha, marejesho yanamsubiri.

Ndipo inapokuja IST, kale kagari kadogo ka Toyota. Simcheki mtu, kwa mazingira yale gari ni kama viatu. Ila watu wanapiga hesabu ya bei ya kiwanja hawapigi ya njia. Kibaha mpaka Posta kwenda na kurudi ni kama kilomita 80, kagari kadogo kwenye foleni kakila lita moja kwa kilomita kumi hivi ni lita 8 kwa siku, siku 22 za kazi ni lita 176. Zidisha na bei ya petroli ya leo, ongeza tairi, shokapu za ile njia ya vumbi na parking ya mjini, halafu linganisha na kodi uliyoikimbia. Kuna watu tukikaa nao tukapiga hii hesabu wananyamaza kwanza.

Kuhusu kupanua barabara, ni kweli inasaidia ila inasaidia kwa muda. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kilitanuliwa kuwa njia nane, na pale Ubungo Daraja la Kijazi likazinduliwa Februari 2021. Safari ikawa nyepesi, na safari ikishakuwa nyepesi dalali anapata neno la kuuzia, "dakika arobaini tu uko mjini", watu wanasogea mbele zaidi, Kwa Mathias, Mlandizi, na wote asubuhi wanarudi kwenye mji ule ule ambao ukishapita Ubungo barabara ni nyembamba kuliko waliyotoka nayo. Foleni imehama tu. Halafu anatokea mmoja anatanua pembeni kwenye vumbi, wa pili anamfuata, wote wanachomekea mbele na laini halali inasimama kabisa. Njia moja ya gari hata mambo yakienda vizuri inapitisha magari kama 2,000 kwa saa, na mengi yana mtu mmoja au wawili ndani, wakati basi refu moja la mwendokasi linabeba watu 140 na ushee. Treni nayo tuliiona tangu 2012, ile ya abiria wa mjini watu waliyoibatiza treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ilijaa kwa sababu ilipita kwenye watu. Vituo vinataka watu karibu, ukiwatawanya hata reli haikusaidii.

Kwa hiyo ukienda kununua usiende Jumapili mchana na dalali, hiyo siku kila barabara ni nzuri. Nenda Jumatatu alfajiri toka kiwanjani mpaka kazini kwako, na kama unaweza nenda tena masika uone hiyo njia ya vumbi inavyokuwa. Omba kuona mchoro wa mipango miji uliopitishwa, siyo karatasi ya dalali aliyochora kwa kalamu, uangalie shule, soko, zahanati na kituo cha daladala vimetengewa wapi, maana kama eneo zima ni viwanja vya kuishi tu basi kila kitu utakifuata kwa gari maisha yako yote.

Na hili la kuwa karibu na lami, tahadhari. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, yaani eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 ikawa mita 30 kila upande, kupima kutoka katikati ya barabara, lakini kuna sehemu hifadhi ni pana zaidi, kwenye Morogoro Road kati ya Kimara na Kiluvya mwaka 2017 waliobomolewa walikuwa ndani ya mita 121.5. Kwa hiyo muulize mtu wa barabara wa eneo lile, usimuulize muuzaji.

Kwa serikali za vijiji na mitaa ambako mashamba bado hayajakatwa, wakusanyeni wenye mashamba jirani wakae pamoja kabla mpimaji hajaingia, kila mmoja aachie kipande chake ili vichochoro viungane viwe barabara moja ya mita 10 au 12 inayokwenda sambamba na ile kuu. Watasema wanapoteza viwanja viwili vitatu. Ni kweli wanavipoteza, ila vinavyobaki vinauzika bei nzuri zaidi, na lile eneo la soko likishaandikwa kwenye mchoro mwenyekiti asiliuze.